Uso wa Rafiki Mahakamani

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, hapakutundikwa picha ya mtu. Ukutani palikuwa na saa, kalenda na Ayatul Kursi, basi. Marehemu baba alipigwa picha mara moja tu, ya pasipoti, alipokuwa akienda Hija. Sasa dada yangu ataka apewe mchoraji aikuze kwa rangi; mama hataki hata kusikia. Nami niliyeombwa niamue nimejikuta nikikumbuka kisa cha mbali, cha Australia.

Wasomaji wapenzi, mjini Sydney hufanywa kila mwaka maonyesho ya picha za watu zilizochorwa kwa mkono. Chanzo chake ni mfano wa wakfu wetu. J. F. Archibald, mhariri wa gazeti la Bulletin aliyefariki mwaka 1919, aliacha fedha katika wasia wake ili mchoraji bora wa mwaka atuzwe. Tuzo ya kwanza ilitolewa 1921, na siku hizi mshindi hupata dola 100,000 za Australia. Sharti moja limenipendeza: anayechorwa lazima ajue, na akae mbele ya mchoraji angaa mara moja.

Lakini je, aliyekubali kukaa amekubali pia atakavyotokea?

Mshindi wa mwaka 1943 alikuwa William Dobell. Alimchora rafikiye Joshua Smith, mchoraji mwenziwe, ambaye wakati wa vita walilala hema moja. Picha ilimtoa Smith amekonda kama ufito, shingo ndefu, mikono mirefu kupita kiasi. Wachoraji wawili walioikosa tuzo wakaenda Mahakama Kuu wakidai kwamba ile si sura ya mtu bali ni picha ya dhihaka. Kesi ikasikizwa 1944. Ikawa sasa umbo la Smith, mtu mpole asiyemkosea yeyote, lajadiliwa kortini na magazetini.

Jaji alilitupa shauri lao, Dobell akashinda. Kushinda gani huko! Aliugua, akahama Sydney akaenda kuishi Wangi Wangi. Smith naye aliipata tuzo hiyo hiyo ya mwaka 1944, lakini picha ile ilimwandama umri wake wote, na urafiki ukafa. Yenyewe picha iliungua vibaya motoni mwaka 1958.

Sitaki kumlaumu Dobell kwa ufundi wake. Korti ilisema ni sanaa, na ni sanaa. Ila uso wa mtu ni amana, na amana hairudishwi na hukumu ya jaji.

Huko huko kuna tuzo nyengine niipendayo zaidi, itolewayo na wafanyakazi wafunguao masanduku picha zinapowasili. Mwaka 2025 waliichagua kazi ya Abdul Abdullah, mzaliwa wa Perth, Mwislamu mwenzetu, aliyemchora mchoraji Jason Phu. Hakuna aliyekwenda kortini.

Nilimwambia dada yangu kwamba baba hakuulizwa, na sasa hawezi kuulizwa.

"Na hiyo ya pasipoti," akanijibu, "kwani aliipenda?"

Sikuwa na la kumwambia. Picha ingali mtotoni mwa kabati, ndani ya leso ya mama.