Uzito wa Mwili na Nguvu ya Pigo katika Besiboli

Gongo la besiboli na mpira hugusana kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo mpira wenye uzito wa gramu 142 hadi 149 hubonyea, husimama, kisha hufyatuka kurudi ulikotoka. Mtikisiko unaoanzia pale mpira ulipogonga husafiri ndani ya mbao kuelekea mikononi, na kabla haujafika huko na kurudi, mpira umekwisha kuondoka. Kwa hiyo wakati wa mgongano wenyewe mikono ya mpigaji, mabega yake na kilo zake zote hazina la kuongeza. Gongo huupiga mpira kana kwamba hakuna aliyelishika.

Hata hivyo orodha za wapigaji wakubwa zimejaa watu wazito. Aaron Judge, aliyepiga mipira 62 ikavuka uzio katika msimu wa 2022, ana urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa takriban kilo 128. Maelezo ni kwamba uzito wa mwili hufanya kazi yake yote kabla gongo halijaufikia mpira, na huifanya kwa njia moja tu: kuliongezea gongo kasi. Uzito usioweza kugeuzwa kuwa kasi ya gongo haumsaidii mpigaji.

Kasi ya gongo na kasi ya mpira

Wanafizikia wa mchezo huu wana kanuni nyepesi ya kukadiria kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo la mbao. Chukua sehemu moja ya tano ya kasi ya mpira uliorushwa, kisha ongeza kasi ya gongo iliyozidishwa kwa 1.2. Mfano ni kijana wa sekondari anayezungusha gongo kwa kilomita 95 kwa saa dhidi ya mpira unaokuja kwa kilomita 110 kwa saa. Mrushaji anachangia 22, gongo linachangia 114, na mpira unaondoka kwa kilomita 136 kwa saa.

Mrushaji akiongeza kilomita 5 kwa saa, mpira utatoka kwa 137. Mpigaji akiongeza kilomita hizo hizo 5 kwenye gongo lake, utatoka kwa 142. Kila kilomita ya kasi ya gongo ina thamani mara 6 ya ile inayoletwa na mrushaji. Na mpira uliopaa kwa pembe nzuri, nyuzi 25 hadi 30 hivi, huenda mbele takriban mita 1 zaidi kwa kila kilomita 1 kwa saa iliyoongezeka. Tofauti ya 136 na 142 ni mita 6, zinazotosha kuuvusha juu ya uzio mpira ambao ungedakwa mbele yake.

Nguvu inakotoka

Katika ligi kuu ya Marekani kasi ya wastani ya gongo ni karibu kilomita 116 kwa saa, na gongo lenyewe lina uzito wa gramu 900 hivi. Kulifikisha gongo kwenye kasi hiyo kunahitaji jouli 300 hadi 400 za nishati, na mpigaji ana kama sekunde 0.15 za kuzitoa. Hiyo ni zaidi ya wati 2,000, karibu nguvu farasi 3. Misuli ya mikono peke yake haiwezi kufanya kazi ya kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo. Robert Adair, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Yale aliyetoa kitabu chake kuhusu fizikia ya besiboli mwaka 1990, alieleza kuwa sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye misuli mikubwa ya mapaja, makalio na kiwiliwili. Mikono huipokea na kuielekeza.

Mzoefu wa kupasua magogo hufanya vivyo hivyo: hukanyaga vizuri, hukaza kiuno, na shoka hushuka kwa nguvu ya mwili mzima. Mpigaji huanza akiwa ameegemea mguu wa nyuma. Mpira unapokuja, hupiga hatua fupi mbele na kuuhamishia mwili wake kwenye mguu wa mbele, ambao huganda kama nguzo. Hapo ardhi humsukuma kwa nguvu inayozidi uzito wake wote. Mwendo wa mbele ukizuiwa namna hiyo hugeuka kuwa mzunguko: nyonga hutangulia, kifua hufuata, halafu mabega, mikono, na mwisho gongo. Kila kiungo kinaposimama, kinachofuata hupokea kasi yake.

Katika mwendo huu uzito wa mwili una faida ya kweli. Mtu wa kilo 90 akisogea mbele kwa kasi sawa na mtu wa kilo 60, ana nishati nusu mara zaidi ya kuhamishia kwenye mzunguko. Faida hiyo hupatikana tu kama mguu wa mbele una nguvu ya kuusimamisha mwili huo, na kama viungo vinafuatana kwa mpangilio. Nyonga na mabega vikigeuka kwa pamoja, sehemu kubwa ya nishati hiyo hupotea.

Misuli na mafuta

Mizani haitenganishi misuli na mafuta, ila gongo hutenganisha. Misuli ndiyo mashine inayozalisha nishati ya pigo. Mafuta ni mzigo ambao mashine hiyo lazima iuzungushe. Mpigaji anapojigeuza hazungushi gongo tu, huzungusha pia kiwiliwili chake, na kilo zilizokaa mbali na uti wa mgongo, kama zile za kitambi, ndizo nzito zaidi kuzungusha.

Mwaka 2008 Roger Tobin, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani, alichapisha hesabu kuhusu athari za dawa za kuongeza misuli. Alikadiria kuwa misuli ikiongezeka kwa asilimia 10, kasi ya gongo huongezeka kwa asilimia 5 na kasi ya mpira kwa asilimia 4. Asilimia 10 hupungua kuwa 5 kwa sababu nishati hukua kwa mraba wa kasi: ili gongo liende kwa kasi maradufu, nishati lazima iwe mara 4. Jambo la kushangaza lilikuwa mwishoni mwa hesabu. Kwa mpigaji wa kiwango cha juu, asilimia hizo 4 zingeweza kuongeza mipira inayovuka uzio kwa asilimia 50 hadi 100. Uzio ndio unaoleta tofauti hiyo. Mipira mingi ya mpigaji mzuri hudondoka au hudakwa mita chache kabla yake, na nyongeza ndogo huvusha mingi kwa mpigo mmoja.

Hesabu hiyo inaweza kuwekwa kwenye mwili wa kijana wa mfano uliotangulia. Tuseme ana kilo 65. Misuli yake ni karibu asilimia 40 ya mwili, yaani kilo 26. Akiongeza kilo 2.6 za misuli, kasi ya gongo lake itapanda kutoka 95 hadi karibu 100, na mpira wake utakwenda zile mita 6 zaidi. Kilo hizo hizo 2.6 zikiwa mafuta, nishati haiongezeki hata kidogo, na mzunguko unaweza kupungua kasi.

Babe Ruth, aliyevusha mipira 60 mwaka 1927, anakumbukwa kwa tumbo lake, na wengi wamedhani tumbo ndilo lililopiga. Lakini Ruth alikuwa na urefu wa mita 1.88 na mabega mapana, na miaka yake ya mwanzo alikuwa mrushaji mahiri mwenye mwili uliokaza. Tumbo lilikua baadaye, na nguvu haikutoka humo.

Wadogo wanaopiga mbali

José Altuve, mchezaji wa timu ya Houston, ana urefu wa mita 1.68 na kilo 75 hivi. Mwaka 2017 alichaguliwa mchezaji bora wa American League, na mwaka 2019 alivusha mipira 31. Hank Aaron alivusha 755 katika maisha yake ya mchezo akiwa na mwili wa kilo 82. Sadaharu Oh wa Japani, mwenye kilo 79 hivi, alivusha 868, idadi ambayo hakuna mchezaji wa kulipwa aliyewahi kuifikia. Kuanzia mwaka 1962, chini ya mwalimu wake Hiroshi Arakawa, Oh alipiga akiwa ameinua mguu wa mbele juu kabisa, amesimama kwa mguu mmoja hadi mpira ulipokaribia. Kuinua mguu huko kulimlazimisha kuukusanya mwili wote nyuma na kuuachilia mbele kwa wakati mmoja. Alitumia kila kilo aliyokuwa nayo.

Mwili mdogo una faida zake pia. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, yaani eneo la mkato wake, ilhali uzito hutegemea ujazo. Mwili unapokuwa mkubwa, uzito hukua upesi kuliko nguvu. Ndiyo maana mtu mdogo, kilo kwa kilo, huwa mwepesi zaidi wa kujigeuza. Mpira unaorushwa kwa kilomita 145 kwa saa kutoka umbali wa mita 18.44 hufika kwa muda usiofika nusu sekunde. Anayejigeuza upesi anaweza kusubiri kidogo zaidi, akauona mpira vizuri zaidi, na kuugonga katikati ya sehemu nene ya gongo. Mpira uliogongwa sentimita chache nje ya sehemu hiyo hupoteza kasi kubwa, na hakuna uzito unaoifidia.

Kuchagua gongo

Gongo zito likienda kwa kasi sawa na gongo jepesi litaupiga mpira mbali zaidi. Taabu ni kwamba haliendi kwa kasi sawa. Ruth alitumia magongo ya zaidi ya kilo 1.1, ilhali wapigaji wa leo, ingawa wengi wana misuli kuliko yeye, hutumia ya gramu 880 hadi 940. Warushaji wamekuwa wenye kasi zaidi, na gongo jepesi huwahi. Mchezaji mwepesi anayeshika gongo zito kwa kutaka nguvu hupata kinyume chake: gongo huchelewa na mpira hugongwa vibaya. Kanuni nzuri ni kuanza na jepesi, na kupanda uzito pale tu kasi isiposhuka.

Kujenga mwili Afrika Mashariki

Nchini Tanzania besiboli ilianza kuenea mashuleni kuanzia mwaka 2012 kwa juhudi za Shinya Tomonari kutoka Japani, na mwaka 2018 uwanja uliojengwa kwa msaada wa Japani ulifunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Kwa kijana wa Rwamishenye, katika Manispaa ya Bukoba, mchezo uko karibu zaidi upande wa pili wa mpaka: Mutukula ni kama kilomita 80 tu, na Uganda ina historia ndefu zaidi. Agosti 2012 watoto wa mji wa Lugazi nchini humo walikuwa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, wakaifunga timu ya Oregon 3–2. Wachezaji wa mashindano hayo wana miaka 10 hadi 12. Katika umri huo tofauti ya uzito mara nyingi huonyesha tu nani ametangulia kubalehe. Mwalimu anayemwacha mtoto mdogo leo kwa sababu ya kilo zake anaweza kumpoteza mpigaji wa kesho.

Kwa kijana aliyekwisha kukomaa, misuli huletwa na mazoezi mazito, chakula na usingizi. Mganda Dennis Kasumba, mdakaji aliyecheza na timu ya Frederick Keys huko Marekani mwaka 2023, alijulikana kwa video zake za kufanya mazoezi na matairi chakavu. Tairi la lori la kuvuta na kugeuza, mfuko wa mchanga wa kubeba mabegani huku ukichuchumaa, na kuruka juu ya jukwaa hujenga mapaja na kiuno bila vifaa vya jimu. Pushapu na mchakamchaka vina manufaa, lakini haviigusi vya kutosha misuli inayozungusha gongo.

Chakula cha Kagera, mkoa wa Bukoba, kinahitaji mpangilio. Ndizi za kupika hutoa wanga mwingi wa kuendeshea mazoezi, ila gramu 100 zake zina protini isiyofika gramu 2. Mchezaji wa kilo 65 anayejenga misuli anahitaji protini gramu 100 hivi kwa siku. Maharage yaliyopikwa hutoa karibu gramu 9 kwa kila gramu 100, sato na sangara kama gramu 20, na dagaa wakavu zaidi ya 50. Senene nao, msimu wao unapofika, ni protini nzuri. Sahani ya ndizi yenye maharage mengi na samaki hujenga msuli. Ndizi peke yake kwa wingi huongeza kilo ambazo gongo halizihitaji. Ongezeko la robo hadi nusu kilo kwa wiki linatosha. Likizidi hapo, sehemu kubwa huwa mafuta.

Hewa ya Bukoba

Umbali wa pigo hauwezi kusomwa bila kuangalia hewa. Bukoba iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,150 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Mpira unaokwenda mita 100 Azania utakwenda mita 3 hadi 4 zaidi Bukoba, kwa mpigaji yule yule na pigo lile lile. Mwalimu anayelinganisha wachezaji wa Kagera na wa pwani ataziondoa kwanza mita hizo, asije akaihesabu hewa kuwa nguvu.

Njia bora ya kujua kama uzito mpya umesaidia ni kupima vitu vitatu kwa pamoja kila mwezi: kilo, mzunguko wa kiuno, na umbali wa mipira 10 iliyopigwa ikiwa imewekwa juu ya kigingi, uwanja ule ule. Kilo zikipanda, kiuno kikabaki vilevile na mipira ikaenda mbali zaidi, mwili unajengeka vizuri. Kilo na kiuno vikipanda pamoja huku mipira ikibaki palepale, chakula kimezidi mazoezi. Kilo zikibaki zilezile na mipira ikaenda mbali zaidi, ufundi ndio uliokua, na hakuna sababu ya kumlazimisha mchezaji huyo anenepe.