Ukimsaidia Mwenzako, Atakupita?

Kama umesoma shule yoyote kando ya barabara ya Uvira na Baraka, Makobola ikiwamo, maneno haya umeyasikia: mengine nyumbani, mengine kinywani mwa mwalimu mwenyewe. Tuyapime moja moja.

"Ukimweleza mwenzako hesabu, atakunyang'anya nafasi."
Uongo. Hofu hii ina chanzo: siku ya kutangaza matokeo majina husomwa kwa kufuatana, wa kwanza hadi wa mwisho, wazazi wakisikia. Lakini Exetat, mtihani unaofungua mlango wa chuo kikuu, haupangi nafasi. Anayefikisha asilimia 50 anapata diploma yake, hata darasa zima likifaulu pamoja naye. Zaidi ya hayo, faida haiendi upande mmoja. Mwaka 1982 Peter Cohen na wenzake huko Marekani walikusanya tathmini 65 za wanafunzi kufundishana. Waliofundishwa walipanda, na waliofundisha nao wakalielewa somo vizuri zaidi. Ndivyo ilivyo: ukijaribu kumweleza mtu sehemu usiyoijua, unaumbuka hapo hapo, na unalazimika kurudi kwenye daftari. (Nasema kueleza. Kumpa daftari anakili ni jambo jingine, na halimfaidii yeyote.)

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."
Kweli nusu, na nusu hiyo si ndogo. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yao kwa watoto wa Marekani wa miaka 10 hadi 12 hivi. Baada ya zoezi la kwanza wengine waliambiwa wana akili sana, wengine kwamba wamejitahidi sana. Kisha wote wakapewa zoezi gumu, wakashindwa. Waliosifiwa akili walivunjika moyo, na zoezi lililofuata wakalifanya vibaya kuliko walivyoanza. Waliosifiwa bidii wakapanda. Basi "wewe umezaliwa na akili" ndiyo sifa inayotia maji kwenye tembo. "Umeirudia hesabu ile mpaka ikatoka" haimharibu mtu. Wazee waliona sawa, ila hawakututajia ni sifa ipi.

"Ni utani wa watoto, usiingilie."
Uongo. Utafiti wa viwanja vya shule za Toronto, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba mwanafunzi akimtetea mwenzake, uonevu hukoma ndani ya sekunde 10 kwa zaidi ya nusu ya visa. Tatizo ni watetezi: walijitokeza katika asilimia 19 tu ya visa.

"Mkimbizi na mwenyeji hawapatani dawati moja."
Uongo, ila kuna sharti. Tangu 2015 wakimbizi Warundi wamepokewa katika kambi ya Lusenda, kusini mwa Makobola kwenye njia ya Baraka, na watoto wao husoma pamoja na wenyeji wa eneo hilo la Fizi. Kuwaketisha karibu peke yake hakutoshi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alilikuta jambo kama hili Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipoanza kuchanganya weusi, weupe na Walatino, ugomvi ukazuka. Akaligawa somo vipande, kila mtoto kwenye kikundi akapewa kipande cha kuwafundisha wenzake. Asiyemsikiliza jirani yake anakosa sehemu ya somo. Chuki ikapungua. Kidole kimoja hakivunji chawa: kweli, bila nusu.

"Aliyeona vita, wema wa wanafunzi haumsaidii kitu."
Uongo. Makobola haina haja ya kufundishwa vita. Mauaji yaliyotokea hapo mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 yamo katika ripoti ya Umoja wa Mataifa. Ni kweli kwamba anayeota jinamizi kila usiku anahitaji pia mtu aliyesomea kazi ya kumtibu. Lakini mtafiti Theresa Betancourt aliwafuatilia kwa miaka watoto wa Sierra Leone waliowahi kutumikishwa na makundi ya silaha, akakuta kwamba waliokubaliwa tena na jamii zao walitengemaa kuliko waliotengwa. Na waliobaki shuleni ndio walioonekana zaidi kuwasaidia wengine.