Bamba la eksirei la kioo-kauri
Bamba la eksirei la kioo-kauri ni bamba la kunasa picha za tiba, linalotengenezwa kwa kioo chenye fuwele ndogo sana ndani yake.

Mabamba ya kawaida, yaliyoanza kuuzwa miaka ya 1980, hutumia unga wa fuwele za bariamu zenye europiamu kidogo. Fuwele huhifadhi nishati ya eksirei. Zikimulikwa kwa leza hutoa mwanga wa buluu unaogeuzwa kuwa picha kwenye kompyuta. Bamba hufutwa kwa mwanga mkali na kutumiwa tena. Lakini unga hutawanya leza na kupunguza ukali wa picha. Fuwele za bromidi ya sesiamu hutawanya kidogo, ila hufyonza unyevu, tatizo kubwa penye hewa ya pwani kama Tanga zisipofunikwa vizuri.

Watafiti wa Ujerumani na Marekani hupasha moto kioo cha floridi ya zirkoniamu hadi fuwele za kloridi ya bariamu zikue ndani yake. Zikibaki ndogo kuliko wimbi la mwanga, kioo hubaki angavu.

Changamoto ni kupata mwanga wa kutosha. Ukiwa hafifu, mgonjwa huhitaji mionzi zaidi. Nchini Tanzania matumizi ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC).