Milango Imefunguliwa Oman, Lakini Cheti cha Chanjo Usikitupe

Tarehe 22 Mei 2022 Kamati Kuu ya kushughulikia Korona hapa Oman ilitangaza kwamba masharti yote ya kujikinga yameondolewa, mahali pote na katika shughuli zote. Hatuulizwi tena cheti cha chanjo kwenye mlango wa duka kubwa. Hakuna faini ya barakoa, wala kuhesabiwa msikitini au kwenye harusi. Watu wamefurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini tangu siku ile nasikia maneno mawili katika mabaraza yetu. La kwanza ni hili: "Korona imekwisha, vyeti tupeni." La pili: "Kumbe yote yale yalikuwa ya kutusumbua tu."

Maneno yote mawili yana hatari kwa familia zetu, hasa sisi wenye jamaa pande mbili za bahari. Kwa hiyo nimeona nieleze kwa utaratibu masharti yale yalikujaje, yalikuwa na maana gani, na kwa nini karatasi ile ilikuwa bado na kazi.

Jinsi tulivyofungiwa

Wagonjwa wa kwanza Oman walitangazwa tarehe 24 Februari 2020. Kamati Kuu ikaundwa kwa amri ya Sultan Haitham tarehe 10 Machi. Tarehe 1 Aprili wilaya ya Matrah ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka ila kwa dharura, na tarehe 10 Aprili mkoa mzima wa Maskati ukafuata. Tulikaa hivyo hadi tarehe 29 Mei. Mwezi wa Julai ugonjwa ulipopanda tena, nchi nzima ilizuiwa kutembea usiku kuanzia tarehe 25, na Sikukuu ya Kuchinja ikatukuta tumo ndani.

Wakati ule hata kwenda kuhani kulikatazwa. Kwa watu wetu, ambao kwao kumzika maiti na kumpa mkono mfiwa ni deni, hilo lilikuwa zito kuliko kufungwa kwa maduka. Zaidi ya watu 4,000 wamefariki kwa maradhi haya hapa Oman, na wengi wao walizikwa na watu wachache sana. Asemaye kwamba yote yalikuwa usumbufu mtupu, na awaulize waliofiwa.

Barakoa, neno la zamani kwa kazi mpya

Neno barakoa si geni kwetu. Bibi zetu wa Unguja na wa Oman walivaa barakoa kwa stara na kwa heshima. Siku hizi neno limepewa kazi ya pili, kile kitambaa cha kufunika pua na mdomo.

Wengi walidhani barakoa ni ya kumkinga aliyeivaa peke yake. Kazi yake kubwa ni kumzuia mgonjwa asiwape wengine. Mtu anaposema, anapocheka au anapokohoa, hutoa vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, na virusi husafiri humo. Barakoa huvishika vingi kabla havijamfikia mwenzake. Ndiyo sababu hata mtu asiyejiona mgonjwa aliambiwa avae, kwa kuwa ugonjwa huu humkaa mtu siku kadhaa kabla hajajijua, na siku hizo anaweza kuwaambukiza wengine.

Serikali haikutegemea hiari peke yake. Faini ya kutovaa barakoa mahali pa watu ilikuwa riali 20, na Julai 2020 ikapandishwa hadi riali 100. Kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo hizo ni pesa za mwezi mzima. Faini ilikuwa kali, lakini ilifundisha haraka.

Kisha angalia jinsi barakoa ilivyoondolewa. Kuanzia tarehe 1 Machi 2022 haikulazimu tena kuivaa nje, lakini ndani ya majengo iliendelea kutakiwa. Wapo waliocheka wakauliza, je, virusi vinaogopa jua? Jibu ni hewa. Nje upepo huvitawanya vitone vile. Ndani ya chumba kilichofungwa, na kiyoyozi kinazungusha hewa ileile, hukaa na kuzidi. Na nyumba zetu za Ghuba wakati wa joto hufungwa kutwa nzima.

Sindano, na zawadi ya mlango

Chanjo ilianza hapa tarehe 27 Desemba 2020. Waziri wa Afya, Dkt. Ahmed Al Saidi, alidungwa wa kwanza, na waliotangulizwa ni wazee, wenye maradhi sugu na wahudumu wa afya. Baadaye ikateremka kwa umri mpaka vijana, na kampeni za bure zikawafikia pia wafanyakazi wa kigeni.

Kila nchi ilitafuta namna ya kuwavuta watu. Jimbo la Ohio huko Marekani liliwawekea waliochanja bahati nasibu ya dola milioni moja, na watu watano wakapata. Dubai ilikuwapo mikahawa iliyompunguzia bei mteja aliyeonesha kadi ya chanjo. Oman haikugawa pesa, zawadi yake ilikuwa mlango. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 chanjo ikawa sharti la kuingia ofisi za serikali na za binafsi, maduka makubwa na mikahawa. Sala ya Ijumaa, iliyokuwa imesimama tangu Machi 2020, ilirudi tarehe 24 Septemba 2021 kwa waliochanja, na msikiti ukaruhusiwa kujaa nusu tu. Ramadhani ya mwaka 2022 tarawehe nayo ikarudi misikitini kwa sharti hilohilo.

Je, huko si kulazimisha? Swali hili ni la haki na halifai kufichwa. Hakuna aliyeshikwa mkono akadungwa kwa nguvu, lakini mtu asiyeweza kuingia kazini ana hiari gani? Mimi naliona hivi. Kukataa sindano ni haki ya mtu juu ya mwili wake. Kukaa bila kinga katika chumba kimoja na watu 300 si jambo la mwili wake peke yake, ni jambo la hao 300 pia. Serikali ilichagua kumwachia mtu mwili wake na kuushika mlango. Unaweza kusema sharti lilibana mno, lakini lilikuwa na hoja.

Tusiifanye chanjo kuwa kitu isichokuwa. Haimzuii mtu kabisa asiambukizwe. Inaufundisha mwili kumtambua adui mapema, ili akija asimkute amelala. Aliyechanja anaweza kupata mafua na homa, lakini uwezekano wa kulazwa hospitali au kufa hupungua sana. Ndiyo maana barakoa iliendelea hata baada ya sindano, na ndiyo maana Januari 2022, aina mpya ya Omicron ilipoenea, sala ya Ijumaa ilisimamishwa tena kwa wiki mbili. Wengine waliona ni kigeugeu. Ukitazama vizuri, mlango ule uliolegezwa na kukazwa ulikuwa ukifuata idadi ya wagonjwa.

Jamaa zetu wa upande wa pili

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi kuliko jirani zetu wengine. Februari 2021 Waziri wa Afya alisema kwamba asilimia 18 ya wasafiri waliofika kutoka Tanzania walikutwa na virusi. Haukupita muda, Oman ikazuia wasafiri kutoka nchi 10, na Tanzania ilikuwamo, pamoja na Sudan, Lebanon, Afrika Kusini na nyinginezo. Raia wa Oman waliruhusiwa kurudi nyumbani kwa masharti. Aliyekuwa na pasi ya Tanzania alibaki huko.

Mwenye kujua familia zetu anaelewa maana yake. Katika nyumba moja mume ana pasi ya Oman na mke ana ya Tanzania. Mama yuko Unguja na wanawe wako Seeb. Pasi zikawagawa watu waliokuwa wakila sinia moja. Huko Tanzania kwenyewe takwimu za ugonjwa zilikuwa hazitangazwi tangu katikati ya 2020, na watu walikuwa hawajachanjwa. Mambo yalianza kubadilika tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipodungwa hadharani chanjo ya Johnson & Johnson na kuzindua kazi hiyo nchini.

Oman ilipofungua mipaka yake tarehe 1 Septemba 2021, ufunguo ulikuwa uleule, cheti cha chanjo. Waliokuwa nacho walivuka. Basi karatasi ile wengine wanayotaka kuitupa leo ndiyo iliyorudisha akina mama kwa watoto wao.

Cheti kiliendelea kuulizwa wapi?

Oman ilipofungua mwaka 2022, milango ya wengine ilikuwa bado na masharti yake. Nitaje mitatu ambayo watu wetu huipita sana.

Kwanza ni Hija. Mwaka 2022 Saudia iliruhusu mahujaji milioni moja, wa ndani na wa nje, baada ya miaka miwili ya idadi ndogo sana. Masharti yalikuwa ni kuwa chini ya umri wa miaka 65 na kuwa umekamilisha chanjo. Aliyetoka nje aliongeza kipimo cha PCR kilichochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya safari.

Pili ni safari ya nyumbani. Machi 2022 Tanzania ilimwondolea kipimo msafiri aliyekamilisha chanjo, lakini ilimbidi aoneshe cheti chenye ile alama ya mraba inayosomwa kwa simu. Asiyechanja alitakiwa kipimo cha PCR cha saa 72. Familia ya watu sita bila vyeti ililipa vipimo sita.

Tatu ni jirani zetu wa Imarati. Wakati Oman ilipofungua, Abu Dhabi walikuwa bado wanaangalia rangi ya kijani katika programu ya Al Hosn kwenye milango ya sehemu za watu, na barakoa ilikuwa bado inavaliwa ndani ya majengo. Aliyekwenda kumtazama mwanawe huko hakupaswa kudhani sheria za Maskati zimemfuata.

Masharti ya namna hii hubadilika mara kwa mara. Kabla ya kukata tiketi, uliza shirika la ndege au ubalozi, usitegemee ujumbe wa sauti uliopitishwa kwenye simu.

Neno la karani

Kazi yangu ya maisha ilikuwa ukarani, na jambo moja nililolishuhudia kwa miaka ni kwamba safari nyingi huharibiwa na herufi. Sisi majina yetu yana njia mbili za kuandikwa. Huku pasi hubeba jina la baba, la babu na kabila. Kule cheti huandikwa majina matatu, bila kabila. Salim wa huku anaandikwa Salum kule, na Aisha anakuwa Asha. Ofisa wa uwanja wa ndege hamjui mama yako, anaisoma karatasi tu.

Basi leo, wakati hakuna haraka, fanya haya. Chukua cheti cha kila mtu wa nyumbani ukiweke sambamba na pasi yake. Linganisha jina herufi kwa herufi, kisha namba ya pasi, tarehe ya kuzaliwa na tarehe za dozi zote. Ukiona tofauti, nenda ukarekebishiwe sasa, usingoje wiki ya safari. Ikiwa pasi imebadilishwa baada ya chanjo, namba iliyomo katika cheti itakuwa ya zamani, kwa hiyo safiri na pasi zote mbili. Chapisha nakala mbili kwenye karatasi, moja ikae nyumbani na moja ndani ya pasi. Simu huishiwa chaji, na mtandao wa uwanjani si wa kuutegemea. Wazee wasio na simu za kisasa wafanyiwe kazi hiyo na wajukuu.

Kuulizwa cheti cha sindano si jambo lililozuka na Korona. Sisi wazee tunakumbuka vyeti vya ndui, vilivyotakiwa safarini mpaka ugonjwa huo ulipotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Kadi ya manjano ya homa ya manjano inaulizwa hadi leo.

Lililobaki mikononi mwetu

Ilipoondoa masharti, Kamati Kuu haikusema kwamba ugonjwa umekwisha. Ilihimiza kwamba mwenye homa au dalili za kifua akae nyumbani na asichanganyike na watu, barakoa ivaliwe pale inapohitajika, na vyumba vipitishwe hewa. Zamani haya yalisimamiwa na polisi kwa faini. Sasa yamerudi kwetu wenyewe.

Kwa hiyo ukiwa na kikohozi, usiende kumwamkia bibi mwenye kisukari kwa kuwa tu ni Ijumaa na hukumwona wiki nzima. Mpigie simu, atakuelewa. Ukilazimika kumwona, vaa barakoa na ufungue dirisha japo kuna joto. Na kama kuna mzee katika ukoo ambaye hajachanja au hajapata dozi ya kuongeza, msimcheke wala msimgombeze. Kaeni naye, muulizeni anaogopa nini, kisha mpelekeni kwa daktari anayemwamini.