Mlio wa Kugonga Mbele ya Gari: Onyeshwa Ubovu Kabla ya Kulipia Kipuri

Mwenye gari dogo mjini Bunda husikia mlio wa kugonga mbele anapovuka tuta kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, na jibu la kwanza apewalo gereji mara nyingi ni kwamba shokapu zimekufa. Huenda ni kweli. Hata hivyo, mlio huohuo hutolewa pia na bushi zilizochanika, linki za stabilaiza, boljointi au tairodi, na jozi ya shokapu hugharimu zaidi sana kuliko linki. Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji asikubali mlio peke yake kuwa ushahidi.

Shokapu iliyochoka hujionyesha: huvuja mafuta, au gari likibonyezwa kwa nguvu juu ya gurudumu na kuachiwa, huendelea kunesa badala ya kutulia. Bushi hukaguliwa kwa macho; mpira wake hupasuka au kuachana na chuma.

Sehemu nyingine huhitaji gurudumu liinuliwe. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, na uzito ukae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki pekee. Fundi ashike gurudumu juu na chini, alitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki: kucheza kukikoma, beringi ndiyo ya kushukiwa, kukiendelea, ikaguliwe boljointi. Kisha alishike kulia na kushoto. Likicheza upande huo tu, kwa kawaida tatizo liko kwenye tairodi.

Linki iliyolegea ni kero ya masikio zaidi kuliko hatari. Boljointi ni jambo jingine kabisa: ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauongozi tena. Gari la namna hiyo lisipelekwe Musoma hata kwa mwendo wa pole. Kipuri kifuatwe kwa usafiri mwingine.

Baada ya matengenezo, dai kipuri cha zamani pamoja na risiti inayotaja kipuri kipya kwa jina. Tairodi ikibadilishwa, magurudumu yapimwe alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande mmoja. Ukishuku kuwa kipuri ni bandia, usitupe kifungashio. Kilete pamoja na risiti kwetu, Tume ya Ushindani (FCC), tunaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.