Sebule Isiyo na Mwanga na Ua la Plastiki

Nyumba nyingi za kupanga mijini zina sebule yenye dirisha moja, nalo linatazamana na ukuta wa jirani. Kwa sebule ya namna hiyo, ua la plastiki linafaa kuliko mmea hai, na sababu kubwa ni mwanga. Jicho letu huzoea kivuli upesi, ndiyo maana chumba huonekana kina nuru ya kutosha. Mmea hauna uwezo huo. Jua la adhuhuri nje hufikia takriban laksi 100,000, laksi zikiwa kipimo cha mwanga. Ndani, hatua chache kutoka dirishani, mara nyingi hazibaki hata mia chache. Mmea hutengeneza sukari kwa mwanga, kisha huitumia usiku na mchana. Mwanga ukipungua mno, matumizi huzidi mapato na mmea huanza kula akiba yake: majani ya chini yanageuka manjano, shina linarefuka na kuelemea dirishani, machipukizi yanatoka madogo. Mwenye mmea akiona hivyo hudhani ni kiu, akaongeza maji. Lakini mmea uliokosa mwanga hunywa kidogo sana, hivyo maji yanatuama kwenye chungu, mizizi inakosa hewa na kuoza. Unaonekana umenyauka kwa ukame, kumbe umezama.

Wanaotetea mimea hai husema inasafisha hewa. Imani hii imeenea kutokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ulioongozwa na Bill Wolverton, ambao kweli ulionyesha mimea ikipunguza kemikali hewani. Ila majaribio yale yalifanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, na hakuna anayeishi ndani ya kisanduku. Mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia upya majaribio ya miongo kadhaa wakakokotoa kwamba, ili mimea ilingane na kazi ya hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo la kawaida, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Kufungua dirisha kunatosha.

Kuna pia suala la mbu, na hili halipewi uzito unaostahili. Aedes aegypti, anayeeneza dengue, hupenda maji yaliyotuama karibu na watu, na kisahani kilicho chini ya chungu kinamtosha. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji tu hakuyaondoi, sharti kisahani kisuguliwe kila wiki. Dar es Salaam, iliyokumbwa na milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, haina sababu ya kulipuuza hili.

Hoja nzito dhidi ya ua la bandia ni plastiki yenyewe: inatokana na mafuta ya petroli na haiozi. Ni kweli, kwa hiyo anayebadilisha maua kila sikukuu hana utetezi. Linunuliwe moja zuri, lifutwe vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, likae miaka. Wengine watauliza, kwa nini isiwe zamia, mmea wa asili ya mwambao wetu, unaohifadhi maji kwenye mashina yake manene ya chini ya udongo? Penye mwanga hafifu zamia ni chaguo zuri sana, mradi mtoto mdogo asitafune majani yake, maana yana chembechembe zinazochoma mdomo. Penye giza utakaa muda mrefu bila kufa, lakini kustahimili si kustawi.

Raha ya kulea mmea na kuona jani jipya likifunguka, plastiki haiwezi kuitoa. Mwenye kuitaka aitafute kwenye baraza au kibaraza cha ghorofani, ambako jua lipo. Huko plastiki ndiyo isiyofaa: mionzi huipausha, inakakamaa, inavunjika vipande vinavyoishia mtaroni. Asumini ndani ya chungu kikubwa chenye matundu, bila kisahani, itachanua.