Macho Mekundu na Duara la Dhahabu

Mtu ajifunzaye lugha ya Wasukuma hukutana mapema na maneno mawili ambayo hana budi kuyatenga. La kwanza ni nfumu, na wengi wao bafumu. Huyo ndiye mganga, mwenye kujua dawa na kutazamia. La pili ni nogi, na wengi wao balogi. Huyo ndiye mchawi. Neno hili la pili latoka katika kitendo kuloga, ndugu wa neno la Kiswahili kuroga. Nfumu huendewa na watu mchana, na nyumba yake yajulikana. Nogi hujulikana kwa kutajwa tu.

Twataka kueleza jinsi mtu atajwavyo, na jinsi msomaji awezavyo kuipima njia hiyo kwa akili yake mwenyewe. Jambo hili si la mchezo. Hesabu ya serikali yaonyesha kuwa tangu mwaka 1970 hata 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Karibu thuluthi mbili ya matukio hayo yalitokea katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza.

Neno ramli asili yake ni Kiarabu, maana yake mchanga, kwa kuwa zamani mtazamiaji alichora alama zake mchangani. Usukumani njia ijulikanayo sana ni ya kuku. Mwenye shida humtemea kuku mate, kisha kuku hupasuliwa, na nfumu husoma alama zilizo ndani yake. Aghalabu hatamki jina. Husema, “Ni mwanamke, ni mtu mzima, hakai mbali, mliwahi kukosana.” Msikilizaji ndiye atiaye jina. Lakini ni nani asiye na jirani mwanamke mtu mzima ambaye waliwahi kukosana? Maneno hayo yangefaa karibu kila nyumba, na yule asikiaye huyaona kuwa yamemhusu yeye peke yake. Hapo ndipo ramli inapokuwa ramli chonganishi, yaani yenye kuwagombanisha watu.

Asidhani mtu kwamba wanaoendea ramli ni wajinga wasiojua mambo ya dunia. Mtaalamu mmoja Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Waazande wa Sudani na Kongo, alieleza habari ya ghala lililowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Waazande walijua vema kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichouliza ni hiki: kwa nini liliwaangukia hawa, na kwa nini saa ile? Vivyo hivyo mama wa Shinyanga aliyefiwa na mtoto kwa malaria ajua habari ya mbu. Auliza, “Kwa nini mwanangu?” Swali hili ni la huzuni, na kila mwanadamu huliuliza. Hatari yaanza pale swali la “kwa nini” linapogeuzwa kuwa swali la “nani.”

Shinyanga yenyewe yaweza kutufundisha faida ya kuuliza kwanza “nini.” Ng'ombe walipokuwa wakikonda na kufa kwa nagana, ilikuwa rahisi kumtafuta mtu wa kulaumiwa. Lakini mwaka 1895, huko Zululand, David Bruce alianza kuonyesha kwamba ndani ya damu ya wanyama hao mna kijidudu, na kwamba mbung'o ndiye akichukuaye. Baadaye Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na vichaka vikafyekwa mahali pengi ili mbung'o wakose kivuli. Ng'ombe wakapata malisho.

Walakini ufyekaji huo, pamoja na mashamba ya pamba na wingi wa mifugo, uliacha nchi pana isiyo na miti. Kuni zikawa haba, na wanawake wengi wakapika kwa samadi kavu ya ng'ombe, ambayo moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyepika miaka arobaini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake huwa mekundu. Tena kuna ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ambao huenezwa na nzi na mikono michafu. Huwashika watoto, na mama awaleaye huupata tena na tena, hata kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho. Hayo ndiyo macho mekundu ambayo katika nchi hiyo yalihesabiwa kuwa alama ya mchawi. Alama ya kazi na ya ugonjwa ilisomwa kuwa alama ya uovu, na vikongwe wakakatwa mapanga kwa ajili yake.

Mtu atajibu, “Walikuwapo wenye macho mekundu, na kweli majirani zao walifiwa.” Basi tumpe vikapu vinne. Katika cha kwanza aweke vikongwe wenye macho mekundu ambao majirani zao walifiwa. Katika cha pili, wenye macho mekundu ambao majirani zao hawakufiwa. Katika cha tatu, wenye macho meupe ambao majirani zao walifiwa. Katika cha nne, wenye macho meupe ambao majirani zao hawakufiwa. Uvumi hujaza kikapu cha kwanza tu, na vitatu vingine huachwa bila kutazamwa. Asiyevitazama vyote hawezi kusema kwamba alama na msiba vimefungamana.

Tuchukue hesabu hiyo hiyo hata Geita, kwenye dhahabu. Dhahabu ya huko ililetwa na maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba, zamani sana, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Haikulala sawasawa, hatua chache tu kutoka mahali penye mali, mwamba waweza kuwa mtupu. Kwa hiyo wachimbaji wawili wenye bidii moja hupata mafungu tofauti, na bahati ya namna hiyo ndiyo shamba la mwuza dawa.

Tuseme, kwa mfano, kuna maduara 100. Wenye maduara 60 walinunua dawa, na 6 kati yao wakapata dhahabu. Wengine 40 hawakununua, na 4 kati yao wakapata. Katika kila kundi amepata mmoja katika kumi, basi dawa haikuongeza kitu. Lakini masimulizi ya jioni yatakuwa ya wale 6. Wale 54 walionunua bure watanyamaza kwa haya, au wataambiwa kwamba walivunja mwiko. Dawa isiyoweza kamwe kuonekana kuwa imeshindwa haijathibitishwa. Imekingwa tu isipimwe.

Katika biashara hiyo waliuawa watu wenye ualbino, ambao neno la zamani zeruzeru sasa wengi wao hulichukia. Ilisemwa kwamba viungo vyao huleta utajiri, na kwamba wao hawafi bali hutoweka. Ukweli ni kwamba baba na mama, ijapokuwa wote wawili ni weusi, waweza kuwa wamechukua kila mmoja urithi uliofichika. Hapo katika kila mimba kuna nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto asiye na rangi ya kutosha ya ngozi, nywele na macho. Nao hufa kama sisi sote, tena wengi mapema, kwa saratani ya ngozi iletwayo na jua. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe aliyekuwa na ualbino. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapigao ramli.

Wako wanaojitetea kwa methali, “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.” Methali hiyo yafaa kumwonya mtu asipuuze habari, haikuwekwa kuwa hukumu. Lugha yetu ina neno lingine, ushahidi, nalo lahusu mtu aliyeshuhudia, yaani aliyekuwapo akaona. Basi jirani ajapo kusema kwamba fulani ni nogi, yafaa kumwuliza kwa upole: Ni nani aliyeona, naye aliona nini? Je, kuna sababu nyingine ya jambo hili, kama moshi, maradhi au mwamba? Na vikapu vile vitatu, umevitazama? Kuuliza hivyo si kumdharau mwenye msiba. Ni kumzuia asiongeze msiba wa pili katika nyumba ya kikongwe ambaye kosa lake ni kupika.